Maji Yachemkapo Mungaa

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaoyasoma maneno haya kijitabuni baada ya kuyasikia, liko swali ambalo wazazi wengi wa Singida huuliza, wala si wa Singida peke yao. Kijana amefaulu mitihani yake. Zimeuzwa mbuzi, yakauzwa na magunia ya alizeti, akapelekwa chuoni ajifunze ualimu, au uganga, au kilimo. Arudipo likizo ya kwanza huulizwa amejifunza nini huko, naye hujibu kwamba amefunga jiwe katika uzi akahesabu muda wa kubembea kwake, tena amepima unene wa waya mara tano, tena amechemsha maji. Baba yake hunyamaza. Hasemi neno mbele ya wageni, lakini moyoni hujiuliza kama zile mbuzi zimekwenda kwa ajili ya kuchemsha maji, kazi ambayo mama wa nyumba huifanya kila siku alfajiri bila ya kulipa ada.

Swali hilo ni la haki, na latakiwa jibu. Kwa hiyo twataka leo kueleza masomo ya sayansi ya mwaka wa kwanza chuoni yamekusudia nini, hasa kwa yule ambaye hatakuwa mtu wa sayansi maisha yake yote, bali atakuwa karani, au mwalimu wa historia, au atarudi kulima kwao.

Na tuanze na hayo maji. Kitabu chasema kwamba maji huchemka yakifika joto la nyuzi 100 za Sentigredi. Mwanafunzi aliyasoma hayo angali mdogo, akayaandika katika mtihani, akapata alama. Sasa mchukue mwanafunzi huyo hata Mungaa, katika wilaya ya Ikungi, umpe sufuria safi, maji ya mvua, jiko la mkaa, na kipimajoto kizuri. Maji yatatokota, mvuke utajaa chumba, lakini kipimajoto kitasimama kwenye nyuzi 95 au karibu na hapo, wala hakitapanda tena hata mkaa ukiongezwa. Basi ataandika nini katika daftari lake?

Wako watakaoandika 100. Hawaandiki hivyo kwa hila. Wameona 95 kwa macho yao, lakini hawakuyaamini macho. Wamefikiri kwamba kitabu hakikosei, na kwamba mwenye kukosea ni wao, au ni chombo, au ni maji ya kwao. Tangu utotoni wamefundishwa kwamba jibu zuri ni lile alijualo mwalimu. Na mwalimu aliye mvivu akiona 100 hutia alama ya vema, akapita. Huyo mwanafunzi amepata alama, lakini amepotewa na kitu kikubwa, maana siku hiyo amejizoeza kuandika asichokiona. Kesho atakuwa mganga katika zahanati, apime joto la mtoto mgonjwa, na atakachokiandika katika kadi ya mtoto yule kitakuwa cha tabia hiyohiyo.

Kumbe kipimajoto hakikukosea, na kitabu nacho hakikusema uwongo; kitabu kimesema habari za maji yaliyo pwani. Hewa hii tuivutayo ina uzito. Anayesimama ufukweni pa Dar es Salaam au Tanga ana hewa yote juu yake, hata kila eneo la sentimita moja ya mraba labeba hewa yenye uzito wa kilo moja na kidogo. Uzito huo hukandamiza uso wa maji, na mvuke hauwezi kufanya mapovu ndani ya maji mpaka upate nguvu ya kushindana na hewa iliyo juu. Nguvu hiyo hupatikana kwa joto. Lakini nyanda za Singida ziko juu ya bahari kadiri ya mita 1,500, na mtu akipanda huku ameiacha sehemu ya hewa chini yake, kama aliyepanda juu ya shehena ya magunia akawa na machache tu juu ya kichwa. Hewa iliyosalia yapata sehemu tano katika sehemu sita za ile ya pwani. Mzigo ni mwepesi, basi maji huchemka mapema. Hesabu ya kukadiria ni hii, kwamba kila upandapo mita 300 joto la kuchemka hupungua uzi mmoja. Gawanya 1,500 kwa 300, utapata 5, nayo ndiyo iliyopungua katika 100. Na juu kabisa ya Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, maji huchemka yakiwa na kadiri ya nyuzi 80 tu.

Mama aliyehama Dar es Salaam akaja kukaa Singida ameligundua jambo hili bila ya kipimajoto: maharage yaleyale yamemla kuni nyingi zaidi, na yamekawia kuiva. Huenda amelaumu maharage, au amelaumu maji ya kisima. Sababu ni kwamba sufuria lake huku halipati kamwe joto lile lililopatikana pwani, hata achochee moto namna gani. Akifunika kwa kifuniko kizito kinachobana vizuri, mvuke hukandamizwa kidogo, akapata nafuu.

Wasafiri wa zamani walilitumia jambo hilihili kwa kupimia vimo vya nchi. Richard Burton na John Speke, walipoiacha pwani mwaka 1857 wakipita Ugogo na Unyanyembe kwenda kwenye maziwa, walikuwa wakichemsha maji njiani na kusoma kipimajoto, ili wajue wamepanda kiasi gani. Kipimo chao cha Ziwa Tanganyika kilipungua kama mita 200, kwa kuwa kipimajoto walichobakiwa nacho hakikuwa sahihi. Makosa ya uzi mmoja hivi katika chombo yakawa makosa ya mlima mzima wa wastani katika ramani!

Hii ndiyo maana mwalimu wa mwaka wa kwanza, akiwa mwalimu wa kweli, hutilia mkazo vitu ambavyo mgeni huviona vya kitoto. Huamuru daftari la majaribio liandikwe kwa wino, si kwa penseli, na hesabu iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja tu ili isomeke bado, maana pengine kesho itaonekana kwamba ndiyo iliyokuwa sawa. Huamuru kipimo kimoja kirudiwe mara tatu au tano, na vipimo vyote viandikwe, si kile kilichopendeza peke yake. Hutaka mwanafunzi aseme kabla ya jaribio anatazamia nini, na baada yake aseme ni kiasi gani hana hakika. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kwetu mtu mzima kusema sina hakika huonekana kama kuvuliwa nguo hadharani. Chuoni hupewa alama.

Sasa tuseme habari za kijana mmoja ambaye kisa chake kimesomwa duniani kote, nacho kilitokea katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Lushoto, wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika jokofu. Nafasi zilikuwa chache, na kila mtu aliiwania yake. Siku moja mwanafunzi mmoja, kwa haraka, alichanganya maziwa yake na sukari bila ya kuyachemsha, akayatia. Erasto Mpemba, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa amekwisha kuyachemsha ya kwake, akaona kwamba akingoja yapoe nafasi itachukuliwa. Basi akayatia yangali ya moto, ijapokuwa alijua huenda akaliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda, na yale ya mwenziwe yangali majimaji mazito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu yake. Mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa tu, jambo hilo haliwezi kuwa. Kijana akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye, mjini Tanga, alikutana na rafiki yake aliyekuwa akifanya biashara ya aiskrimu, akasikia kwamba yeye naye hutia maziwa ya moto ili yagande upesi. Angalieni vizuri hapa, maana wengi wakisimulia kisa hiki huyapita mambo ya Tanga: mwuza aiskrimu alilijua jambo lile na kulitumia kila siku, wala hakuna chuo kilichokuwa kimemwuliza.

Kutoka Magamba Mpemba alipanda kwenda kidato cha juu katika shule ya Mkwawa, Iringa. Huko walifundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, naye akauliza tena swali lake. Mwalimu huyu wa pili alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo wanafunzi wenziwe wakaifanya mzaha: kila alipokosea hesabu walisema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Hata siku moja alikuta maabara ya biolojia i wazi na hakuna mtu. Akatwaa bilauri mbili ndogo za kupimia, moja akaitia maji ya bomba na moja maji ya moto, akaziweka katika jokofu. Baada ya saa moja hazikuwa zimeganda zote, lakini ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Sasa hakuwa na kisa cha maziwa tu. Alikuwa na jaribio.

Kisha akaja Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Walipopewa nafasi ya kuuliza, Mpemba alisimama akauliza kwa nini maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi, vyombo vikiwa sawa na maji yakiwa sawa. Wenziwe walicheka, na wengine waliona haya kwa ajili ya shule. Osborne naye alitabasamu. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakuamini. Lakini alimwuliza kama amelifanya jambo hilo kwa mkono wake, na kijana aliposema ndiyo, akajibu kwamba sababu yake haijui, na kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Hatutaki kumsifu mtu kupita kiasi, lakini twaona kwamba katika habari hii yote hapana neno lenye thamani kuliko hilo la kusema haijui. Mwalimu wa Chuo Kikuu, mgeni wa heshima, mbele ya shule nzima, ameulizwa swali na mwanafunzi ambalo kila mmoja amelicheka! Ilikuwa rahisi mno kwake kucheka pamoja nao.

Alirudi, akamwamuru fundi wa maabara alijaribu. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, ila akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sawa. Hapa na ninyi mnaweza kucheka. Fundi yule alikuwa ndugu wa mwanafunzi wetu wa Mungaa aliyeandika 100. Walirudia kweli, na jibu likabaki lilelile. Wakatia maji katika bilauri kadhaa, yakiwa na joto mbalimbali, kila moja ikisimama juu ya kipande cha kitu kisichopitisha joto. Maji yaliyokawia zaidi kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanza yakiwa vuguvugu, kadiri ya nyuzi 25, na yale ya moto sana yaliyatangulia. Wakamwaga mafuta kidogo juu ya uso wa maji, na kuganda kukachelewa sana. Hapo wakajua kwamba joto hutokea juu hasa, kwa njia ya uso wa maji. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hizi pamoja katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Mpemba wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, karibu na Moshi. Hakuwa mtu wa fizikia tena. Tangu hapo jambo hili limeitwa kwa jina lake ulimwenguni.

Je, ni kweli basi? Hapa twawaomba mtuvumilie, maana jibu si ndiyo wala si siyo. Aristotle wa Uyunani aliandika juu yake zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Francis Bacon wa Uingereza na René Descartes wa Ufaransa nao walilitaja. Sababu zilizotolewa ni nyingi: kwamba maji ya moto hupungua kwa kuwa mvuke, kwamba maji ya moto hujizungusha ndani ya chombo na kutoa joto kwa haraka, kwamba kuchemsha hutoa hewa iliyomo majini, kwamba chombo cha moto huyeyusha sakitu chini yake kikagusana vizuri na ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliahidi zawadi kwa maelezo yaliyo bora, yakaja zaidi ya 20,000. Lakini mwaka 2016 wataalamu wawili, Henry Burridge na Paul Linden, walijaribu kwa uangalifu mkubwa wakasema hawakuliona jambo hili, wakaonyesha pia kwamba kipimajoto kikisogezwa sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, maji ya moto yaweza kuonekana kana kwamba yametangulia, kumbe sivyo. Wengine nao, huko Kanada mwaka 2020, walitumia chembe moja isiyoonekana kwa macho, wakathibitisha kwamba kitu cha moto chaweza kweli kupoa kabla ya kile cha vuguvugu, mambo yakipangwa kwa namna fulani. Swali la kijana wa Magamba halijafungwa. Wala hilo halimpunguzii heshima, kwa kuwa yeye hakudai kujua sababu; alisema aliloliona, akataka litazamwe.

Shule ile ya Mkwawa tangu mwaka 2005 imekuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, na walimu wa sekondari hufunzwa papo hapo alipochekwa Mpemba. Vyuo vingine navyo vimeongezeka. Zamani kijana wa nchi hizi aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Dar es Salaam ilifuata mwaka 1961, Sokoine ya Morogoro mwaka 1984, na Dodoma, iliyo jirani yetu, mwaka 2007. Majengo hayapungui tena kama zamani. Linalotutia shaka ni lugha. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza, na mara nyingi akili yake yote humalizikia katika kutafuta maneno, hata asibakiwe na nguvu ya kuuliza. Shauri letu kwa vijana ni kwamba swali lolote lililowasumbua darasani waliseme kwanza kwa Kiswahili, au kwa Kinyaturu kama ndiyo lugha ya nyumbani. Likisemeka vizuri hapo, hata bibi akalielewa, basi ni swali. Lisiposemeka, labda lilikuwa maneno tu.

Na yule atakayerudi kulima? Tuseme ameletewa mbegu mpya ya alizeti, na mwuzaji asema yazaa mara mbili. Mtu asiyefunzwa hupanda mbegu mpya katika shamba zuri karibu na zizi, mbegu ya zamani akaiacha kule kwenye changarawe, kisha akivuna husifu mbegu, kumbe aisifu samadi. Aliyepita mwaka wa kwanza wa sayansi akashika alichofundishwa hugawa shamba moja vipande vinane, akapiga kura ni vipande vipi vinne vipate mbegu mpya, akavipalilia vyote siku moja, akapima mavuno kwa debe lilelile. Kupiga kura huko si mchezo. Ronald Fisher aliifanya kuwa kanuni ya majaribio ya mashamba huko Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1920, kwa kuwa aliona kwamba mkulima akichagua mwenyewe, moyo wake hukipendelea kipande kilicho bora bila ya yeye kujua. Jirani atakayepita atadhani mwenye shamba amerukwa na akili kwa kupanda viraka viraka. Aachwe aseme, mpaka siku ya kupima.

Kwa mwenye kutaka kuujaribu mwanzo wa maneno yetu, shuleni au nyumbani, twaongeza haya machache. Atumie maji ya mvua au yaliyochujwa vizuri. Maji ya chumvi kidogo hayadhuru sana, maana gramu 30 za chumvi katika lita moja hupandisha joto la kuchemka nusu ya uzi tu, lakini afadhali kuondoa shaka. Ncha ya kipimajoto isiguse tako la sufuria, kwa sababu pale ni moto kuliko maji. Angoje hata yatokote sana, asome mara tano kila baada ya dakika moja. Na kama kipimajoto cha shule kikisoma 97 badala ya 95, asikitupe wala asiibadili hesabu. Akichovye kwanza katika barafu iliyopondwa inayoyeyuka, ambayo wauza samaki na vinywaji wa mjini Singida wanayo, akitazame kinasoma nini. Kilipaswa kusoma sifuri. Kikisoma 2, basi huenda ile 97 ilikuwa 95 tangu mwanzo.